Upinde Mkononi, Nyika Mbele: Anayeanza Kuwinda Aende Wapi Isiolo?

Mpwa wangu alipata upinde mwaka jana. Ni upinde wa kapi, ule wenye vigurudumu kwenye ncha zake mbili, aliouletewa na rafiki yake aliyerudi kutoka Dubai. Ulikaa chini ya kitanda kwa majuma kadhaa, kisha jioni moja akaja nao nyumbani, akaulaza juu ya mkeka na kuniuliza: “Mjomba, niende wapi nikaanze kuwinda?” Nilimwomba anipe muda. Haya ndiyo niliyomtafutia, na nayaandika kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Kwetu Isiolo swali lenyewe ni zito kwa sababu wanyama wako kila upande. Ukishika barabara ya Moyale kutoka mjini, kabla hujafika Archers Post unaiacha Buffalo Springs mkono wa kushoto na Shaba mkono wa kulia. Ukivuka mto Ewaso Nyiro uko Samburu. Upande wa Kinna kuna Bisanadi, inayopakana na mbuga ya Meru. Buffalo Springs ina kilomita za mraba 131, Shaba 239, Bisanadi 606, na hapo bado hatujahesabu malisho yaliyo wazi katikati yake. Dikidiki hulala kwenye vichaka vya Ngaremara. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma wakichuma majani ya migunga, na choroa hula nyasi zile zile wanazokula ng'ombe. Hata jina la Archers Post linaweza kumpa kijana matumaini, kwani kwa Kiingereza neno hilo ni mpiga upinde. Lakini halitokani na upinde. Linatokana na Geoffrey Archer, ofisa Mwingereza aliyeweka kituo pale mwanzoni mwa karne ya 20, na ni jina la ukoo wake tu.

Katika nchi yote hiyo, mahali pa kuwinda kihalali hakuna hata pamoja.

Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kitu. Inahesabu uwindaji wa burudani kuwa kosa, na uwindaji wa kitoweo kuwa kosa vilevile. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Hudhani kwamba sheria iliwekewa Wazungu wenye bunduki na majangili wa pembe za ndovu, na kwamba kijana anayemlenga kanga kwa ajili ya mchuzi hahusiki. Anahusika. Kanga ni mnyamapori, na sungura wa porini pia. Wanaokumbuka homa ya kufuga kware iliyoikumba Kenya mwaka 2013 na 2014 wanakumbuka kwamba mfugaji alitakiwa kuwa na leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hata kama ndege wake walikaa kwenye kizimba nyuma ya jiko. Tena kuingia hifadhini na mshale bila idhini ni kosa linalojitegemea, hata kama haukutoka kwenye podo.

Wapo watakaosema: basi niende kwenye hifadhi za jamii, kule ardhi ni yetu. Ardhi ni yenu, ndiyo. Mnyama si wenu. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Isiolo iliamua kwamba hifadhi za jamii zilizokuwa zimeanzishwa upande wa Merti, ikiwemo Biliqo Bulesa, hazikuundwa kwa kufuata sheria. Uamuzi ule ulishangiliwa na wengi, na wengine wakauhuzunikia, lakini ulihusu nani mwenye usemi juu ya malisho. Haukumpa mtu yeyote, mfugaji wala mwekezaji, haki ya kumpiga choroa. Katika Kenya ardhi inaweza kuwa ya mtu, ya jamii au ya kaunti, na mnyama anayekanyaga juu yake akabaki chini ya ulinzi wa dola. Anayechagua mahali pa kuwinda kwa kuuliza ardhi ni ya nani ameuliza nusu ya swali.

Mlango huu umewahi kusukumwa. Kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya ranchi, hasa jirani zetu wa Laikipia, ziliruhusiwa kuvuna idadi fulani ya wanyama na kuuza nyama na ngozi; mpango huo ulisimamishwa mwaka 2003. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ulioletwa na mbunge G. G. Kariuki, ambao ungewapa wenye ardhi sauti kubwa zaidi juu ya wanyama, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Kwa hiyo kijana anayesubiri Kenya ifungue uwindaji mwaka huu au ujao anasubiri jambo ambalo limekataliwa waziwazi.

Mimi naiunga mkono marufuku hii, ingawa sababu zangu si zile zinazotajwa majukwaani. Si kweli kwamba mwaka 1977 uliwaokoa wanyama. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, zaidi ya muongo mmoja baada ya marufuku, walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Marufuku peke yake haikuzuia bunduki ya jangili. Kinachonishawishi ni punda milia wa Grevy, yule mwenye milia myembamba na masikio ya mviringo, ambaye nyika zetu ni mojawapo ya makao yake ya mwisho duniani. Katika miaka ya 1970 walikuwa kama 15,000. Leo ni karibu 3,000. Biashara ya ngozi ilianza kuwapunguza, kisha mashindano ya nyasi na maji yakaendelea. Baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo watu wa hapa walizika mifugo yao kwa mamia, sioni ni nani angekaa kwenye kila kisima ahesabu mishale ya kila mwenye leseni. Nchi iliyojaa silaha haramu na uhasama wa malisho si mahali pa kufungulia msimu wa uwindaji.

Nikisema hivyo sina budi kuwataja watu ambao kwao jibu hili ni jeraha.

Waata wanaishi kati ya Waborana huku Isiolo na Marsabit, na wengine wako Tana River na Kilifi hadi pembezoni mwa Tsavo. Katika historia ya Kenya siwajui wapiga upinde waliowazidi. Upinde wa Mwaata wa Tsavo ulihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuuvuta. Wa mpwa wangu umewekwa kwenye pauni 40, na akiushikilia kwa muda mkono humtetemeka. Pamoja na nguvu zote hizo, Mwaata hakupiga kutoka mbali. Alimsogelea ndovu kwa miguu, upepo ukimjia usoni, hadi zikabaki hatua chache, kisha akaachia mshale uzame ubavuni na kufikisha sumu ndani. Sumu hiyo hutoka kwenye mti wa msunguti. Magome na mizizi huchemshwa kwa muda mrefu mpaka ibaki kitu cheusi kinachonata kama lami, kikapakwa nyuma ya chembe ya mshale na kuzungushiwa ngozi laini kisikauke. Wasomali wanaiita waabaayo. Kutokana na neno hilo wanakemia wa Ulaya walipata jina la uabaini, dawa ambayo iliwahi kutumiwa na madaktari kutibu moyo. Ujuzi wa porini uliingia hospitali za Ulaya, na wenye ujuzi wakaishia jela.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Majirani wafugaji waliwadharau Waata kwa kula nyama ya porini. Serikali ya kikoloni nayo ikawaita majangili. Katika operesheni ya 1956 na 1957 iliyoongozwa na maofisa wa Tsavo, wakiwemo David Sheldrick na Bill Woodley, wawindaji wao wengi walikamatwa na kufungwa. Baadaye baadhi ya maofisa hao hao walitambua walichokuwa wamekivunja. Mwaka 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana, mashariki ya mbuga ya Tsavo, kwa nia ya kuwapa Waata nafasi ya kuwinda ndovu kihalali, kwa idadi iliyopangwa, na mapato yarudi kwao. Haukudumu. Kabla ya miaka ya 1960 kumalizika ardhi ile ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Huo ndio wakati pekee ninaoujua ambapo dola ilijaribu kumtengea mpiga upinde wa Kiafrika mahali pake katika Kenya.

Nimekaa hapo kwa muda mrefu kwa makusudi. Kijana wa leo akiuliza aende wapi, huwa anafikiria ramani. Mwaata alifikiria upepo na hatua. Mahali pake palikuwa popote ambapo angeweza kumkaribia mnyama kiasi cha kutokosea.

Hesabu ya jambo hili si ngumu. Mshale kutoka kwenye upinde wa mpwa wangu huenda kama mita 60 kwa sekunde. Pinde za kapi zenye nguvu hufikia 80 na zaidi. Sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Akimlenga mnyama aliye mita 30 mbele yake, mshale utachukua nusu sekunde kufika, na mlio wa upote utafika kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Dikidiki, mnyama wa kilo nne au tano anayeishi kwa kushtuka, hahitaji hata nusu ya muda huo ili ainame na kugeuka. Mshale uliolengwa kwenye mapafu unaingia tumboni au pajani. Na mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata, damu ikatoka. Ukikosea kwa upana wa kiganja, mnyama anakimbia nao mwituni hadi jioni, na fisi ndiye atakayemaliza. Kwa mita 15 hesabu inabadilika kabisa. Kwa hiyo anayeanza hachagui mahali penye wanyama wengi. Anachagua mahali panapomruhusu kufika karibu, na ambapo nyayo na damu vinaonekana wazi chini.

Wengi wetu hapa ni Waislamu, na dini ina neno katika hili. Mafundisho yanayojulikana ni kwamba kilichouawa kwa ncha inayochoma, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa wakati wa kuachia, huliwa, na kilichokufa kwa kupigwa na ubavu wa silaha hakiliwi. Mnyama aliyejeruhiwa kisha akakutwa ndani ya maji huachwa, kwa sababu haijulikani kilichomuua ni mshale au ni maji. Anayepiga kutoka mbali kwa kubahatisha anajiletea shaka hiyo mwenyewe.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na mahali penyewe.

Kwanza nilimpeleka kwenye laga, mkondo wa mto mkavu, kwa jamaa yetu anayechimba mchanga. Kuna ukingo mrefu wa udongo, mrefu kuliko mtu, ambao mshale uliokosa shabaha hauwezi kuupita. Tulimwomba mwenye eneo, tukamjulisha chifu, na siku ya kwanza tukawaambia akina mama wanaopitisha mbuzi pale ni saa ngapi tutakuwepo. Hatua hizo zilichukua muda mrefu kuliko kupiga mishale yenyewe, na ni lazima. Shabaha yetu ni gunia lililoshindiliwa matambara na mifuko ya plastiki, lenye duara la ukubwa wa sahani. Alianza kwa hatua kumi. Sharti nililompa ni moja: mshale unaohesabiwa ni wa kwanza wa siku, kabla mkono haujapata moto, kwa kuwa porini hakuna mshale wa pili. Yupo atakayependekeza kununua mbuzi na kumlenga. Hilo ni ukatili, sheria yetu ya kuwalinda wanyama dhidi ya mateso inalihusu, na halifundishi chochote ambacho gunia halifundishi.

Wapo watakaoridhika hapo, na si jambo dogo kuridhika hapo. Shehzana Anwar aliiwakilisha Kenya katika upigaji upinde kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, na ndiye aliyebeba bendera ya taifa. Kwenye Olimpiki shabaha huwekwa mita 70, na duara la katikati halizidi sentimita 12.2. Kuna pia mchezo ambao wapiga upinde hutembea msituni na kulenga sanamu za wanyama zilizofichwa kwenye umbali wasioujua, mara nyingi chini ya mita 30. Huo ndio mchezo ulio karibu zaidi na uwindaji, na hauhitaji damu. Nyika yetu inaufaa mno. Kaunti ikitenga hekari chache za ardhi iliyochimbwa mawe, ikawaajiri wazee wa Kiwaata wafundishe kusoma upepo na nyayo, vijana wangepata mahali, na wazee wangelipwa kwa ujuzi ambao baba zao walifungiwa.

Mahali pa pili ni nyikani, bila upinde. Hili mpwa wangu alilipinga sana. Nilimwambia kwamba kazi ya mwindaji ni kufika. Kupiga ni sekunde moja ya mwisho. Akajifunze kufika kwanza. Ndani ya Buffalo Springs na Shaba wageni hubaki garini isipokuwa mahali palipotengwa, na kwa sababu nzuri, maana nyati na ndovu wa huko hawana subira. Hifadhi kadhaa za jamii zina matembezi ya miguu na askari wao. Penye malisho ya wazi, atembee na mchungaji anayejulikana pale. Akibeba upinde na kunyata vichakani karibu na boma, atafikiriwa mwizi wa mifugo kabla ya kufikiriwa mwanafunzi, na huku wachungaji wana bunduki. Abebe simu ya kupigia picha. Umbali kati yake na mnyama wakati wa picha ndio alama yake ya mtihani.

Na kama baada ya yote hayo moyo bado unataka kuwinda kweli? Basi avuke mpaka, kwa njia iliyo wazi. Tanzania, Uganda na Ethiopia zina uwindaji wa leseni, lakini umejengwa kwa ajili ya mgeni mwenye bunduki na fedha nyingi, na anayekwenda na upinde ahakikishe kwanza kwamba kibali chake kinautaja. Afrika Kusini na Namibia ndizo zilizozoea upinde. Kule mwenye shamba lililozungushiwa ua unaokubalika kisheria ana haki juu ya wanyama walio ndani, na yapo mashamba yenye vibanda vya maficho kando ya maji, mita 15 hadi 20 kutoka pale wanapokunywa. Kwa anayeanza ndipo pazuri, ingawa najua wapo wanaoona kumvizia mnyama kwenye maji si uwindaji. Naelewa hoja yao. Kwetu ambako kisima kimoja hunywewa na ngamia, mbuzi na punda milia, isingenipendeza hata kidogo. Lakini kwa mshale wa kwanza wa maisha, naona afadhali aibu ya urahisi kuliko mnyama aliyejeruhiwa kwa fahari ya mtu. Tangu Januari 2023 mwenye pasipoti ya Kenya huingia Afrika Kusini hadi siku 90 bila viza, kwa hiyo kinachobaki ni nauli, ada ya mwenye shamba na mwongozaji. Ngozi na pembe aviache huko huko. Kukutwa na nyara Kenya bila kibali ni kesi.

Dunia haikubaliani kuhusu silaha hii. Uingereza inaruhusu kumpiga paa kwa bunduki na kukataza upinde. Ufaransa iliuruhusu mwaka 1995. Swali linalowagawanya ni lile lile la jeraha na umbali. Wamarekani Saxton Pope na Art Young, ambao wenzao wanawahesabu kuwa baba wa uwindaji wa upinde wa kisasa, walikwenda Tanganyika mwaka 1925 kulenga simba kwa mishale. Hawakwenda peke yao. Kando yao alisimama mwenzao Stewart Edward White na bunduki, na bunduki ilihitajika. Hao walikuwa mabingwa.

Kuna wanaomwambia kijana aende Ziwa Eyasi, Tanzania, kwa Wahadzabe, ambao bado wanaishi kwa upinde na ambao mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao katika bonde la Yaeda. Namshauri aende siku moja, kama mgeni anayekuja kutazama na kusikiliza, na upinde wake auache nyumbani. Wanyama wa pale ni chakula cha watu wachache waliobaki na ardhi kidogo.

Mpwa wangu sasa yuko hatua ishirini kwenye laga, na mshale wake wa kwanza huingia kwenye sahani siku nne katika sita. Hajakata tikiti ya kwenda popote. Juzi alikuja na simu, akanionyesha picha ya dikidiki chini ya mgunga, masikio yamesimama, pua inang'aa. Nikamuuliza ni hatua ngapi. “Kumi na nane, mjomba. Nilizihesabu baada ya yeye kuondoka.” Nikamuuliza upepo ulikuwa wapi. Akagusa shavu lake la kushoto.